Vitabu vya Waume Wabaya

Saluni yangu ina viti vitatu, draya moja na msomaji mmoja. Saluni nyingine zina televisheni. Na sisi tulikuwa nayo, mpaka mteja mmoja alipoipiga kwa mpini wa chanuo ili picha irudi, ukarudi moshi. Siku hiyo mdogo wangu wa kike alikuwa amekaa kwenye benchi la kusubiria, ameshika tama. Kampuni ya bima aliyokuwa akiifanyia kazi ilikuwa imefunga milango, naye akarudi kwangu, na kusuka hajui. Nilimfundisha mpaka nikachoka. Msuko wake hufumuka kabla mteja hajafika kituo cha basi. Nikamwambia basi angalau atusomee kitu, maana saluni ikiwa kimya mteja huanza kuuliza bei.

Akatoa kitabu kwenye mkoba wake, akasoma. Huyu mtoto ana sauti, jamani. Akikusomea kwamba mtu amekohoa, unatafuta maji ya kumpa. Haukupita muda benchi likajaa, wateja wakambandika jina la Sauti, na mimi nikaachana kabisa na habari ya televisheni.

Mimi mwenyewe si msomaji, nasema mapema tusije tukalaumiana. Tangu nitoke shule nilikuwa sijamaliza kitabu kwa macho yangu, wala sikuona aibu. Mikono yangu iko kichwani mwa watu tangu asubuhi, na kitabu nacho kina tabia ya kutaka mikono. Vitabu vyote ninavyovijua vimeingia kwa sikio.

Mwanzoni tulikuwa tunachagua kitabu kwa jalada. Baadaye tukajifunza, tena kwa taabu, kwamba kitabu huchaguliwa kwa kichwa. Kuosha na kuseti ni hadithi fupi moja, na isiwe na watu wengi ndani. Kusuka mistari ni kurasa sitini, sabini hivi. Rasta ndogo ndogo ni riwaya, na kama mteja kajaliwa nywele, ni riwaya yenye babu, baba na mjukuu. Wateja nao walikuwa wajanja. Wakitaka kujua mwisho, wa kuosha anaomba mistari, wa mistari anaomba rasta. Karani mmoja wa mahakama alisuka, akafumua kichwa kizuri kabisa, akasuka tena, kisa muuaji alikuwa hajakamatwa.

Hata hivyo, kitabu kizima tulikisikia sisi wa saluni tu. Wengine wote walipata vipande. Kichwa kikiisha mteja anajitazama kwenye kioo, anaondoka, kitabu kinaendelea bila yeye. Aliyekuja asubuhi ya harusi anasema ni kitabu cha kuchekesha sana. Aliyekuja jioni, watu wakigombea shamba la marehemu, anasema hajawahi kuona kitabu chenye uchungu vile. Wakikutana kwenye benchi wanabishana mpaka mate yanaruka, kila mmoja anatetea kurasa zake.

Kwa hiyo tukaanzisha kikao. Kitabu kikiisha, Jumamosi inayofuata asubuhi, kabla maji hayajachemka, tunakaa kujadili kilichopita na kuchagua kinachofuata. Sheria ilikuwa moja tu: hupigi kura kabla hujasema jambo kuhusu kitabu kilichoisha. Mtu wa kwanza kusema siku zote alikuwa muuguzi mmoja mstaafu tunayemwita Bibi Draya. Huyu mama husikiliza vitabu akiwa chini ya draya, yaani hasikii chochote, na ndiye mwenye maoni makali kuliko sisi wote. Alitueleza kwamba mwandishi wa kile kitabu cha mauaji hana pumzi, anaanza kwa kasi halafu anachoka. Msusi mwenzangu, Chapuchapu, akamuuliza amejuaje. Bibi Draya akajibu kwamba alikuwa akitazama nyuso zetu.

Chapuchapu naye ana lake. Jina hilo alilipata kwa haki, alikuwa akimaliza kichwa huku mwenziwe bado anachagua kichana. Tangu usomaji uanze amekuwa mzito kama gunia. Ukimwambia afanye haraka anasema hawezi kumaliza kichwa katikati ya sura, atamvunjia mteja heshima.

Basi mambo yakawa yanakwenda vizuri hivyo, mpaka akaja mpima ardhi.

Ni kijana mpole, msafi, viatu vyake havina vumbi ingawa kazi yake ni kwenye vumbi, na hilo peke yake lilinitia shaka. Mara ya kwanza alipokuja kumchukua mdogo wangu alisimama mlangoni, akanisalimu kwa adabu, akatazama kona ya saluni kwa jicho moja. Halafu akasema, kwa heshima zote, "Dada, huu ukuta umeingia kwa jirani kidogo." Tangu dakika hiyo sikumpenda.

Akahamishiwa kazi mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Akataka kuoa kwanza, aende na mke wake. Wazazi wetu walitutoka mdogo wangu akiwa hata meno hajabadili, nikamlea mimi, kwa hiyo wakubwa wa yule kijana walikuwa waje kwangu kuchukua jibu. Wakasema watakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi utakaofuata. Mdogo wangu aliniambia mwenyewe jikoni, akiwa anasuuza vikombe.

"Dada, ukisema hapana, siendi. Ila unijibu kwa moyo wako, usinijibu kwa hasira."

Nikamwambia mimi sina hasira yoyote, nikaweka sufuria mezani, kifuniko kikaruka mpaka sebuleni.

Sikuwa na hasira, nilikuwa naogopa. Wateja ningewapoteza, sawa, lakini sikuogopa kwa ajili yao. Niliogopa kufika nyumbani jioni nikafungua mlango mwenyewe, nikawasha taa mwenyewe, nikapika chakula cha mtu mmoja halafu nikakosa hamu ya kukila. Kumwambia hapana waziwazi sikuweza, maana angetii, na ningemwona akitii kila siku mpaka nife. Nilitaka aseme hapana yeye mwenyewe. Na kwa kuwa huyu mtoto tangu utotoni akisoma kitu kinamwingia kama mafuta kwenye ngozi, nikaamua kazi hiyo waifanye vitabu.

Muuza Vitabu ana meza yake nje ya benki, vitabu vya mitumba kavipanga kama matofali. Nikamwambia nataka kitabu chenye mume mbaya. Hakushangaa hata kidogo.

"Mbaya wa namna gani, Mama Saluni? Ninaye wa kulewa, wa kupiga, wa kuoa kisirisiri na wa kusahau."

Nikasema tuanze na wa kulewa. Akauliza kama nataka mlevi anayetubu au asiyetubu. Nikasema asitubu kabisa. Akachomoa kitabu kimoja kinene cha rasta ndogo ndogo, akaapa kwamba mwanamume aliyemo humo ni balaa mpaka nukta ya mwisho.

Kwenye kikao kilichofuata wengi walitaka kitabu cha safari. Niliwakumbusha kwa upole kwamba bili ya umeme wa draya nalipa mimi. Bibi Draya akaniunga mkono papo hapo, akasema vitabu vya safari vina vumbi sana. Kitabu cha mlevi kikapita.

Nikakaa mkao wa kula. Siku ya kwanza mume alilewa vizuri, akauza mbuzi wa mkewe, akarudi nyumbani anaimba. Nikamtupia mdogo wangu jicho kwenye kioo, nikaona uso umekunjamana, nikafurahi moyoni. Siku ya pili akalewa kidogo. Siku ya tatu akaanza kunywa maziwa. Kitabu kilipoisha mume alikuwa amefungua mashine ya kusaga, mke anahesabu mbuzi, na mteja mmoja aliyeingia kwetu amenuna kwa ajili ya mumewe akaondoka anampigia simu kumuuliza amekula nini.

Nilimfuata Muuza Vitabu, nikamwambia mlevi wake amepona. Akaacha kupanga vitabu.

"Mimi kile nimekisoma, mama. Yule hakupona. Alifia mtaroni."

Nikamwambia basi hakukisoma vizuri, na nikamtaka anipe wa kusahau, wala asiniletee utani. Akanipa kitabu cha mwanamume anayemchukua mke na kumpeleka mbali, kisha anamsahau huko kama mwavuli. Niliona Mungu kanisikia, hata umbali ulifanana.

Na kweli, wale watu wakasafiri. Nikasubiri asahauliwe. Badala yake yule mume akajenga nyumba, akaongeza chumba cha uani chenye dirisha kubwa, na mke alipouliza ni cha nini, akajibu kwamba ni cha shemeji, akija asilale sebuleni. Nikajiuliza huyo shemeji ametoka wapi, maana mwanzoni sikumsikia. Lakini akazidi kuonekana: dada mkubwa wa mke, mwenye ulimi mkali na moyo mzuri, kila sikukuu anakwenda kuwatembelea, anakagua sufuria zao, anagomba, wanacheka, anarudi kwake. Yule dada nilimpenda sana. Nilisema kwenye kikao kwamba humo ndani mwenye akili ni yeye peke yake. Mdogo wangu aliinama akafunga kamba ya kiatu. Chapuchapu akasema kama waume wa kusahau ndio hao, na yeye aombewe asahauliwe.

Sasa Jumapili ilikuwa inakaribia na mimi waume wabaya wote walikuwa wananiharibikia mikononi. Nikaona tatizo ni waume. Nikarudi kwa Muuza Vitabu, nikamwambia waume basi, anitafutie kitabu ambacho dada anaachwa.

Akakuna kichwa, akatoa kitabu chembamba kidogo, cha mistari na nusu. "Hiki ni cha kulia, nakwambia mapema. Mkubwa kamlea mdogo. Mdogo anatoroka na mwanamume asubuhi bila kuaga. Mkubwa anaugua kwa upweke. Mdogo anarudi amechelewa."

"Amechelewa kidogo au kabisa?"

"Anakuta kaburi limeota majani."

Nikamwambia anifungie hicho hicho. Sikuona haya. Hata njiani nilikuwa natembea kwa madaha.

Kitabu hicho nacho, lazima niseme, kilianza kwa haki. Ndugu wawili, nyumba moja, kitanda kimoja, mkubwa anakatia mdogo kipande kikubwa cha kila kitu. Mdogo wangu alisoma akimeza mate. Mara mbili alisimama akaomba maji. Nilikuwa nasuka mteja huku naona raha na vibaya kwa wakati mmoja, kama mtu anayejikuna kidonda. Alhamisi jioni tukafika mahali yule mdogo anatoa begi chini ya kitanda. Hapo hapo kichwa cha Mama Dawa kikaisha. Huyu ana duka la dawa mtaa wa pili, ni mwanamke asiyependa jambo la nusunusu. Akabembeleza tumwongezee mistari miwili mitatu, lakini nywele zilikuwa zimekwisha. Akaondoka anageuka nyuma.

Ijumaa saluni ilijaa mpaka mlangoni, wengine hawakuja hata kusuka. Mdogo wangu akafungua kitabu. Yule dada mkubwa akaamka, akamkuta mdogo wake na begi. Nikangoja amzabe kibao, au aanguke azimie, chochote cha maana. Hakufanya hivyo. Alikaa kitandani, akazitoa nguo zote kwenye begi, akazikunja upya moja moja kwa sababu mdogo hajui kukunja, akazirudisha. Akamsindikiza mpaka kituo cha basi. Basi lilipowasha injini akamwambia, "Nenda. Sikukulea ili uje kuwa mlinzi wangu." Akasimama pale mpaka basi likapotea, akarudi nyumbani, akalala usingizi.

Watu walilia, acha tu. Chapuchapu alikosea mstari mzima akaufumua. Hata Bibi Draya aliinua draya kichwani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akauliza nani amekufa.

Mimi nilichemka. Nilisema kwa sauti, wote wakasikia, kwamba mwandishi huyu hajawahi kulea mtoto.

Mdogo wangu akafunga kitabu taratibu. "Labda amewahi kulelewa," akasema.

Jumamosi tulikuwa ndio kwanza tumekaa kwenye kikao, Mama Dawa akaingia kama aliyefumania. Mkononi ana kitabu kile kile, kipya, kinanukia duka. Alishindwa kuvumilia, akakinunua Ijumaa hiyo hiyo ili ajue mwisho, na mwisho alioukuta haukuwa ule ambao mjini kote wanausimulia. Kitabuni mwake mdogo alitoroka kabla hakujapambazuka. Hakukuwa na kituo cha basi wala nguo za kukunjwa. Kulikuwa na kaburi.

Bibi Draya akanyoosha mkono, akakipokea kile kitabu, akakinusa, akapitisha kidole juu ya karatasi, akakitazama kwa juu ya miwani.

"Wamekuuzia feki," akasema.

Na mnaweza kuamini, ndivyo kikao kilivyokata shauri. Chapuchapu akaona rangi ya jalada imepauka. Mwingine akasema herufi zimebanana, kitabu halali hakibani herufi. Karani wa mahakama akaeleza kwamba siku hizi wanaghushi kila kitu, hata mihuri, sembuse huzuni. Mama Dawa mwenyewe, ambaye dawa bandia anazijua hata kwa harufu, aligeuza kitabu huku na huku, akakubali kwamba kweli chapa yake haimridhishi. Mmoja akapendekeza tukilinganishe na cha kwetu. Bibi Draya akamuuliza kwa nini, kwani sisi hatukusikia kwa masikio yetu wenyewe? Yeye akiwa wa kwanza.

Nikageuka kumtafuta mdogo wangu. Alikuwa ametoka kwenda kuchota maji bombani, na ndoo ameiacha pale pale chini ya sinki. Kitabu ndicho alichokwenda nacho.

Jumatatu tunafunga. Mdogo wangu alikuwa ametoka na mpima wake. Nikakikuta kitabu chini ya mto wake, nikakaa dirishani, nikasoma kwa kidole, midomo inacheza, kama nilivyofundishwa. Kurasa zile nilizozisikia Jumatano zilikuwepo, neno kwa neno, na za Alhamisi vilevile. Begi likatoka chini ya kitanda. Nikafungua ukurasa unaofuata nikiwa na roho mkononi, na mlango ukafungwa polepole, mdogo akaenda zake gizani, na mkubwa akaugua sura nzima peke yake akiongea na kiti kitupu. Nikalia kwa ajili ya mwanamke wa karatasi. Kidogo nimlaani yule mdogo wa kitabuni, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemnunua.

Nikachukua na vile vingine. Nilivisoma kwa kurukaruka, lakini nilisoma. Mlevi hakunywa maziwa hata tone. Alifia mtaroni, kama Muuza Vitabu alivyoniambia, na mbuzi hawakurudi. Yule wa kusahau alisahau kikwelikweli. Hakukuwa na chumba cha uani. Yule dada mkubwa, mwenye ulimi mkali na moyo mzuri, nilimtafuta kitabu kizima, mbele na nyuma. Hayumo.

Kwanza nilipandwa na hasira. Nilijiambia mtoto huyu ananizunguka, namlipa asome, yeye ananitungia. Nikainuka nimsubiri mlangoni nimpe ukweli wake. Nikakaa tena. Nilikuwa nimemtumia vitabu vimtishe, naye kila kimoja alikuwa akinirudishia kimefuliwa. Wiki zote hizo alikuwa ananiomba ruhusa mbele ya saluni nzima, na mtu pekee ambaye hakusikia nilikuwa mimi. Niliumia sana. Niliumia zaidi kwamba alinipa moyo mzuri kwa kuutunga, maana wa kweli nilikuwa nimemficha.

Sikumwambia kitu. Vitabu nikavirudisha vilipokuwa. Wiki nzima wateja walidai kitabu kipya, nikasema tunapumzika, nikawawekea redio. Bibi Draya alisema matangazo ya vifo yameandikwa vizuri.

Jumapili asubuhi, wageni wakiwa wanatarajiwa mchana, nilimkuta mdogo wangu anahangaika na kioo, nywele zimesimama. Nikamwambia twende saluni, mtu hawezi kupokea wakubwa na kichwa kama hicho. Tukafungua mlango nusu tu ili wateja wasijichomeke. Akakaa kwenye kiti cha kati, nikamfunga kitambaa shingoni, nikaanza kugawa nywele. Nywele zake nazijua kuliko zangu. Kuna sehemu nyuma ya sikio hazikubali kulala tangu akiwa mtoto.

Akauliza asome nini. Nikampa kile kitabu cha ndugu wawili, nikamwambia asome mwisho tu.

Alikishika bila kukifungua. Kwenye kioo nilimwona ananitazama, anajaribu kunipima. Nadhani alijua. Akafungua, akatafuta ukurasa, akaanza, na sauti ile ya kuwaliza watu ilikuwa imenywea. Alisoma kama kilivyoandikwa. Mlango ukafungwa polepole. Mdogo akashuka ngazi viatu mkononi. Mkubwa akaamka, akaita, akaita tena.

"Hapo unakosea," nikamwambia.

"Ndivyo ilivyoandikwa, dada."

"Hicho ni feki. Soma cha kwetu."

Nikaendelea kusuka, maana nilijua nikisimamisha mikono nitaharibu kila kitu. Baada ya muda akakilaza kitabu mapajani, wazi, bila kukitazama, akaanza upya. Mkubwa akaamka, akaliona begi. Akazitoa nguo, akazikunja moja moja. Wakatembea pamoja mpaka kituo cha basi, mkubwa ndiye kabeba begi. Wakafika. Basi likawasha injini. Mkubwa akamwambia mdogo wake.

Hapo sauti ikamkatika. Akajaribu tena, haikutoka. Mabega yalikuwa yanatikisika na mimi nina nywele zake zote mkononi.

Nikasema mimi. Yale maneno mazuri aliyoyatunga sikuyapata, nikasema yaliyokuja.

"Nenda. Lakini huko uendako usikubali mtu akusuke ovyo."

Kisha nikamwinamisha kichwa, maana nyuma ya sikio kulikuwa bado.